Ile Nne Iliyoachwa

Mwanangu Doto,

Umekwenda Cheyo kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua dada yangu, hutatoka pale kabla hujala, hujafungashiwa na hujaombewa. Mama yako yuko hospitali na Kulwa. Kwa hiyo nimebaki na nyumba nzima peke yangu, na jua la saa tisa limeingia mpaka kwenye meza ya chakula. Nimesogeza pembeni mfuko wa matobolwa, vile viazi vya kukausha, aliokuandalia mama yako ili nipate pa kuandikia. Nimeonja viazi viwili vitatu, usimwambie.

Najua utauliza kwa nini nisikutumie ujumbe wa simu kama wazazi wengine. Nimejaribu. Nimeandika na kufuta mpaka simu ikazimika chaji. Mambo yenyewe ni marefu, na kidole changu kimoja kinachojua kuandika kwenye simu kinachoka mapema.

Sitakuambia ufunge mlango wala uchemshe maji. Mama yako ameshasema, shangazi yako anasema sasa hivi, na isitoshe wewe ndiye uliyekuwa ukituchemshia maji sisi. Sitakufundisha pia namna mwalimu mpya anavyoishi na mkuu wa shule, maana mimi mwenyewe sijawahi kuelewana na hata mmoja. Nina neno moja tu la kukuambia, ila ni lazima nipitie kwenye hesabu ndipo nilifikie. Unamjua baba yako, njia nyingine zote huwa anapotea.

Juzi ulisema, “Baba, siku ya safari msije stendi. Bakini na Kulwa. Mimi sina neno.” Nami nikasema sawa. Nilisema haraka mno, na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Naogopa utakwenda kufundisha Ulyankulu na hiyo “sina neno” yako. Utaugua huko, darasa litakushinda siku nyingine huko, utalia huko, na sisi hapa Tabora tutakuwa tunaambizana kwamba Doto hana neno. Likizo utakuja, utaleta mchele, utatuchekesha, utarudi zako. Tutakuwa tunapata mgeni mzuri sana, lakini mwanangu nitakuwa nimempoteza. Hicho ndicho kinachoniandikisha barua hii.

Nianze na mimi mwenyewe. Sehemu, zile za hesabu, zilinitesa, Doto. Hujapata kulisikia hili kwa sababu baba anayefundisha Hisabati hapendi watoto wake wajue. Kule kijijini kwetu, upande wa Nzega, mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa hesabu. Wazee wakitaka kugawana mahindi ya shamba la pamoja, walikuwa wananiita mimi, na kamasi bado zinanitoka. Shule ya msingi tulifundishwa Kigawe Kidogo cha Shirika, ile namba ndogo kuliko zote ambayo asili zote za sehemu zinaingia humo bila kubakiza kitu. Mwalimu wetu alituambia tuite KDS ili tusimchoshe. Asili ikiwa tatu na nyingine mbili, KDS ni sita. Ikiwa nne na sita, kumi na mbili. Nilikuwa nazitaja kabla hajamaliza kuuliza.

Nikafaulu, nikasindikizwa na kijiji kwa vigelegele, nikaingia sekondari. Tulipofika kwenye sehemu mwalimu akageukia ubao, akaanza kuzungumza habari za elisiemu. Elisiemu hivi, elisiemu vile, yote kwa Kiingereza. Mimi nikadhani hiki ni kitu kipya, kitu cha watu wa sekondari ambacho wenzangu wote walikifahamu tangu makwao. Sikuuliza. Ningeulizaje, mimi niliyepigiwa vigelegele? Nilikuwa natikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na mtihani ulipokuja nikapata alama ambazo mpaka leo mama yako hajaambiwa.

Muhula ulikuwa unakaribia kuisha ndipo mwenzangu wa dawati, Mzaramo mmoja ambaye baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, aliponiona nahangaika. Tulikuwa tukitaniana kila siku, kama Wanyamwezi na Wazaramo wanavyotaniana tangu enzi za misafara. Akaninyang'anya kalamu. “We Mnyamwezi we, kumbe unajua kubeba mizigo tu! Si KDS hii?” Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya bweni nikalia peke yangu. Hesabu yenyewe haikuniliza. Nililia kwa sababu kwa muda wote ule hakuna mtu aliyeniuliza kama naelewa, maana sura yangu ilikuwa ya mtu anayeelewa.

Basi huko uendako, ambako watoto wengi wanazungumza Kirundi nyumbani na Kiswahili wamekikuta shuleni, usitamke elisiemu kabla hujawaambia kwamba ni ileile KDS yao. Utatumia pumzi moja tu. Na usimtazame tu yule anayehangaika. Mtazame na anayetikisa kichwa.

Unaona? Nilikuwa najua. Niliyapitia mwenyewe nikiwa kijana, na bado hayakunisaidia nilipopata watoto.

Nilipoanza ualimu nilipenda sana njia za mkato. Nikikuta mlinganyo una sehemu moja huku na sehemu moja kule, nawaambia wanafunzi: zidisha mshazari, asili ya huku kwa kiasi cha kule, na asili ya kule kwa kiasi cha huku, mchezo umekwisha. Wakawa wanapata, nami nikasifiwa. Kisha siku moja ukaja mtihani wenye mlinganyo wa vipande vitatu, sehemu mbili, na katikati yake namba moja iliyosimama peke yake, haina asili, haina chochote. Darasa langu zima lilizidisha mshazari, likaipita ile namba kama watu wanaoruka dimbwi. Niliposahihisha nilitamani kuwafinya masikio mmoja mmoja, mpaka nilipokumbuka ni nani aliyewafundisha.

Tangu hapo niliacha mkato. Tafuta KDS ya asili zote, funga kila upande kwa mabano, kisha zidisha kila kilichomo ndani ya mabano, chenye sehemu na kisicho na sehemu. Mabano yale si urembo. Yanamzuia mtu asisahau. Wewe ulifundishwa hivyo na mimi mwenyewe kwenye meza hii ninayoandikia, na siku hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumzia.

Ulikuwa kidato cha pili. Kulwa alikuwa amelazwa hospitali ya Kitete, maumivu ya selimundu yamemshika miguuni, na mama yako yuko naye kule. Mimi nilirudi nyumbani kubadili shati na kuchukua uji. Ukaniletea daftari. Mlinganyo ulikuwa huu:

x/3 + 4 = x/2

Theluthi ya x, ukiongeza nne, inakuwa sawa na nusu ya x. KDS ulikuwa umeipata vizuri, sita. Theluthi ya x mara sita, ukaandika 2x. Nusu ya x mara sita, ukaandika 3x. Na ile nne ukaishusha chini vilevile ilivyo.

2x + 4 = 3x

Ukasema x ni nne. Nikakuambia, “Haya, rudisha jibu lako kwenye swali tuone.” Ukarudisha. Theluthi ya nne ni moja na theluthi, ongeza nne, zikawa tano na theluthi. Upande wa pili nusu ya nne, mbili. Ukakunja uso kama umeuma ndimu.

“Hii nne mbona hukuizidisha?” nikakuuliza.

“Hiyo haina shida, Baba. Zenye shida ni hizi mbili.”

“Nani kakwambia tunazidisha wenye shida tu? Tukizidisha tunazidisha wote. Ukiwaongezea hawa ukamwacha yule, huo si mlinganyo tena.”

Ukanitazama. Halafu ukafuta, ukaandika ishirini na nne mahali pa nne.

2x + 24 = 3x

Sasa x ikawa ishirini na nne. Theluthi yake nane, ongeza nne, kumi na mbili. Nusu yake kumi na mbili. Nikasema, “Safi sana,” nikabeba chupa ya uji, nikatoka. Ulibaki mlangoni na kalamu mkononi, na niliona kabisa kwamba ulitaka kusema kitu kingine. Mimi nilikuwa na haraka.

Sasa usidhani kwamba mama yako na mimi hatukujua habari za usawa. Nyinyi ni mapacha, na kwetu mapacha wana taratibu zao. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa mkali kwa hilo: pacha mmoja akipewa, na mwenzake apewe, kitu kilekile, hata iwe peremende. Gauni lako lilikatwa kitambaa kimoja na shati la Kulwa, mkawa mnatembea kama mapazia. Jirani akija na ndizi moja, bibi yako alikuwa anamrudisha akatafute ya pili, na jirani anakwenda kweli.

Tulishika utaratibu huo barabara. Kulwa akinunuliwa soda na biskuti wodini, soda yako na biskuti zako ziliwekwa hapa mezani, zimefunikwa kwa sahani zisiingie sisimizi. Hata siku tulizotoka mbio usiku na mtoto mikononi, nilikumbuka kuweka soda yako. Nilijivunia jambo hilo. Niliwahi kuwaambia walimu wenzangu kwamba nyumbani kwangu hakuna mtoto anayepunjwa, mizani imekaa sawa.

Soda uliikuta, ni kweli. Lakini uliinywa na nani? Kulwa alikunywa yake mama yake akimshikia mrija, mimi nikimsimulia vituko vya darasani, shangazi yenu akimpapasa kichwa. Yako ulifunua sahani ukainywa nyumba ikiwa kimya, kisha ukaosha vyombo. Nilihesabu chupa, nikaona mbili, nikaridhika. Sidhani kama kuna mtu wa kabila lingine angeweza kukosea hivi, maana sisi tulikuwa na mila nzuri kabisa ya kutukumbusha, na tukajificha nyuma ya mila hiyohiyo.

Nielewe vizuri hapa, mwanangu. Sisemi kwamba tulikosea kumhangaikia Kulwa. Wewe mwenyewe umemshika mkono akiwa anauma shuka kwa maumivu, unajua hapakuwa na namna. Zile sehemu zilihitaji kuzidishwa, na ningezizidisha tena leo. Kosa langu ni kwamba nilipozidisha pale sikuzidisha na kwako. Niliona huna shida, nikakushusha mstari wa chini vilevile ulivyo, mwaka hadi mwaka.

Kuna siku moja ambayo sijui kama unaikumbuka. Mimi naikumbuka zaidi ya ninavyopenda. Nadhani ulikuwa kidato cha tatu. Ulitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka hospitali na hotpoti la ugali na kisamvu kichwani, kwa sababu sisi tulikuwa hatujala. Ukaweka chakula, ukatusalimu, “Shikamoo Baba, shikamoo Mama,” ukasimama pembeni ya kitanda. Muuguzi aliyekuwa anamrekebishia Kulwa dripu akakutupia jicho.

“Na huyu je? Mbona anatetemeka?”

Nami, mwalimu wa Hisabati, mtu wa kuona kosa la mwanafunzi kutoka dirishani, nikajibu bila hata kugeuka. “Huyu? Huyu hana neno, Sista.”

Namshukuru yule mama kwamba hakunisikiliza. Alikuwekea mkono kwenye paji la uso, akakukalisha, ukapimwa. Malaria. Ulikuwa umeamka nayo, umepika nayo na umekuja nayo juani. Nilipokuuliza kwa nini hukusema, ulijibu, “Mlikuwa na kazi.” Hukujibu kwa hasira. Ungejibu kwa hasira ningeamka mapema.

Na mimi nikafanya nini? Nikakusifu. Niliwaambia watu wote ofisini, sokoni, hadi msibani, kwamba binti yangu ni mvumilivu ajabu. Nilitakiwa nikae chini nikuulize, nikakupa sifa, na mtoto akishapewa sifa ya kutolalamika, atalalamika vipi tena? Sifa ile ilikufunga mdomo, na kamba niliisokota mimi.

Bibi yako alikuwa na hadithi ya babu yake aliyekuwa mpagazi katika misafara ya zamani, kutoka hapa Unyamwezi kupita Ugogo hadi pwani. Unaifahamu, ila nadhani hatujawahi kuisikiliza mpaka mwisho. Mpagazi akiugua njiani mzigo wake haukuachwa porini. Uligawanywa, huyu anabeba robo, huyu theluthi, juu ya mizigo yao. Babu yule alikuwa anachukua fungu kubwa kila mara bila kunung'unika. Jioni kambini, mkubwa wa msafara anapita na dawa kuwakagua wanaochechemea. Kwake yeye hakufika hata siku moja, kwa nini afike kwa mtu anayetembea vizuri? Akarudi nyumbani bega moja limeshuka chini ya jingine, na mkono wa upande huo haukuweza tena kuinuka kuezeka nyumba. Bibi alikuwa akiisimulia kwa fahari, kama mfano wa mwanamume hasa. Mimi pia niliipokea kwa fahari. Siku hizi nikiikumbuka nataka kumkamata yule mkubwa wa msafara nimuulize macho yake yalikuwa wapi.

Nimefika sasa kwenye jambo la jana.

Jana wodini ulikuwa unafanya mazoezi ya somo lako la kwanza, umechora mlinganyo kwenye kipande cha boksi, Kulwa ndiye darasa. Nilifurahi kumwona amepata nguvu ya kufanya utundu. Siku zote anakudai shikamoo kwa kuwa alikutangulia kuzaliwa, na jana akajifanya mwanafunzi mwenye adabu. “Shikamoo, Mwalimu! Mwalimu, naomba kwenda haja!” Mzee wa kitanda cha jirani naye akajiandikisha shule, akawa ananyoosha mkono kila ukiuliza swali, na hajui hata moja. Ukaendelea kufundisha, na unafundisha vizuri, Doto, kunizidi. Huna papara. Ukagonga boksi kwa kalamu, ukasema:

“Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaziona hizi zenye sehemu, wanahangaika nazo. Hii nyingine wanaiacha kwa sababu wanaona haina shida.”

Kulwa akasema, “Kama wewe.”

Mama yako alicheka. Mzee alicheka bila kujua anacheka nini. Wewe ulicheka kuliko wote, ukampiga Kulwa begani na boksi. Kisha ukageuka kufunga chupa ya chai, na ulichukua muda mrefu sana kuifunga. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kibenchi, nikaona mgongo wako. Sikucheka. Nilisikia joto limenipanda shingoni kama mwanafunzi aliyesomewa alama zake mbele ya darasa.

Ulipotoka kwenda kuchota maji, Kulwa aliniuliza, “Baba, unakwenda naye?”

“Amesema tusije.”

“Lini Doto alishawahi kusema njooni?” Alijiinua kwa viwiko, nikamzuia, akakataa kuzuiwa. “Baba, mimi hapa nina Mama. Nina wauguzi. Nina huyu mzee anayenikoromea usiku kucha. Doto kesho kutwa ana nani?”

“Na wewe ukizidiwa?”

“Nikizidiwa Mama atakupigia. Mimi nimekaa naye tangu tumboni, Baba, mimi namjua. Nimekula zamu yake siku nyingi sana. Safari hii mpe yeye.”

Alikuwa na machozi, na Kulwa unamjua, kwenye sindano halii. Nataka ujue kwamba pacha wako amekuwa akiubeba huo mzigo kimya kimya. Siku mkikaa wawili mwambie kwamba hakukuibia kitu, maana mimi nikimwambia haniamini.

Mama yako alikuwa anamkanda mguu. Hakuinua kichwa. Akasema, “Nenda, Baba Kulwa.” Akakanda kidogo, kisha akasema polepole, kama anajaribu kiatu kipya, “Nenda, Baba Doto.”

Katika maisha yangu yote ya kuitwa baba, mtaani, shuleni, kanisani, sijawahi kuitwa kwa jina lako. Hata mimi sikuwahi kuona kwamba halitajwi. Nilitoka nje ya wodi nikasimama kwenye ukuta mpaka nikawa sawa.

Kwa hiyo, mwanangu, mambo yamekuwa hivi. Leo asubuhi nilikwenda stendi, nikakata tiketi ya kiti kilicho kando ya chako. Godoro na ndoo nitabeba mimi. Nimeomba ruhusa shuleni, nimepewa kwa shida, lakini nimepewa. Nitakaa Ulyankulu mpaka nijue maji unachota wapi, jirani yako ni nani, na jioni ukitoka darasani unakaa upande gani wa nyumba. Ukinifukuza nitakwenda kulala kwa padri, sitaondoka.

Sikuombi unisamehe kesho ndani ya basi, abiria wa huku wana masikio marefu. Pengine hutanisamehe kwa haraka, na una haki. Hasira ukiwa nayo ilete, usiikunje uifungie kwenye sanduku. Nitafurahi kuiona kuliko kuuona tena mgongo ule uliokuwa ukifunga chupa ya chai. Nakupenda, Doto. Nilidhani unajua, kwa hiyo sikusema. Nalisema sasa kwa maandishi yangu mabaya, na wino wenyewe unaelekea kuisha.

Barua hii nitakupa tukishauacha mji. Wakati unasoma nitakuwa nimegeuzia uso dirishani natazama pori la miombo, usinishtue. Ukimaliza, usiniambie kwamba uko salama, hilo nimelisikia vya kutosha. Niambie kitu kimoja kinachokuumiza. Si lazima kiwe kikubwa. Kama ni viatu vipya vinabana kisigino, anza na viatu. Ulyankulu ni mbali, mwanangu, na safari hii sina pa kuwahi.

Baba yako